Uso na Mikono Ndani ya Kilobiti 30: Uchambuzi wa Kisa cha MobileASL

Watu wanaosikia, simu ya video inapoanza kukwama, huambiana tu, "Picha imeganda, lakini nakusikia, endelea." Sauti huhitaji data kidogo kuliko picha, kwa hiyo mara nyingi hubaki ikipita hata picha inapokufa, na mazungumzo huokolewa nayo. Kiziwi anayezungumza kwa lugha ya alama hana akiba hiyo. Picha ndiyo sauti yake: ikiganda, amenyamazishwa, na ikififia hadi vidole vikachanganyika na rangi ya shati, neno limepotea. Kwa sababu hiyo ninauona mradi wa MobileASL, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, kuwa kisa kinachofaa kuchambuliwa na kila anayeshughulika na ubora wa video katika simu. Katika mradi huo, swali la ubora halikuweza kujibiwa kwa kusema kwamba picha "inapendeza" au "haipendezi". Lilibidi lijibiwe kwa kumwuliza mtazamaji kama ameelewa alichoambiwa.

Hali ilikuwa hivi. Katikati ya miaka ya 2000, viziwi wengi wa Marekani waliweza kuzungumza kwa alama kupitia simu za video za nyumbani zilizounganishwa na intaneti ya kasi, lakini walipotoka nje ya nyumba simu ya mkononi iliwapa maandishi tu, tena maandishi ya Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya pili baada ya Lugha ya Alama ya Marekani. Mtandao wa simu uliopatikana kwa wingi wakati huo ulikuwa wa GPRS, ambao kwa kawaida ulipitisha makumi machache ya kilobiti kwa sekunde, na upande wa kupakia ulikuwa mwembamba kuliko upande wa kupakua. Kundi la utafiti lilimjumuisha Richard Ladner, mwanasayansi wa kompyuta ambaye wazazi wake walikuwa viziwi, Eve Riskin, mhandisi wa umeme aliyebobea katika ubanaji wa picha, na Sheila Hemami wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wanafunzi wa uzamivu ambao kwa sehemu kubwa ndio waliobeba kazi yenyewe, miongoni mwao Anna Cavender, Neva Cherniavsky, Rahul Vanam na Jessica Tran. Hawakutaka kusubiri mitandao iwe mipana. Walitaka video iliyobanwa kwa namna itakayopita katika mtandao uliokuwapo, na isomeke.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana ukipiga hesabu. Tuchukue picha ya pikseli, yaani nukta za rangi, 320 kwa 240, inayopigwa fremu 10 kwa sekunde, fremu ikiwa ni picha moja kati ya zile zinazounda video. Kabla ya kubanwa, kwa kutumia wastani wa kawaida wa biti 12 kwa kila pikseli, fremu moja ina biti 921,600, na sekunde moja ya video ina biti zaidi ya milioni 9. Ukiipa video hiyo nafasi ya kilobiti 30 kwa sekunde, kila fremu inapata biti 3,000, yaani baiti 375, ambazo hazifikii hata uzito wa jumbe fupi tatu za SMS. Fremu hiyo hugawanywa katika bloku 300 za pikseli 16 kwa 16. Kila bloku, ambayo kabla ya kubanwa ilikuwa na biti 3,072, inabakiwa na biti 10. Ndani ya biti 10 hizo ndimo unapaswa kuuingiza ukingo wa kidole, au nyusi iliyoinuliwa.

Chombo walichotumia kilikuwa kiwango cha H.264, kilichokamilishwa mwaka 2003, kupitia programu huria ya x264. Kiwango hicho hakitumi kila fremu upya. Hutabiri fremu mpya kutokana na zilizotangulia, hueleza kila bloku imesogea kuelekea wapi, kisha hutuma tofauti tu kati ya utabiri na picha halisi. Tofauti hiyo nayo hukadiriwa, na hapo ndipo ubora hupotea. Ukadiriaji ni kama kuandika bei kwa mamia badala ya kwa shilingi moja moja: daftari linakuwa jepesi, lakini aliyedaiwa shilingi 140 na aliyedaiwa 60 wote wanaonekana wanadaiwa 100. Katika H.264 kuna ngazi 52 za ukadiriaji, kuanzia 0 hadi 51, na kila zinapoongezeka ngazi 6, hatua ya ukadiriaji huwa maradufu. Jambo la kushika hapa ni kwamba ngazi hiyo si lazima iwe moja kwa picha nzima. Kila bloku inaweza kupewa ngazi yake, na simu inayopokea, maadamu inafuata kiwango hicho, itaifungua video bila kuhitaji kubadilishwa chochote.

Nafasi hiyo watengenezaji wengi hawakuitumia, na sababu ni kipimo walichokitegemea. Kipimo kilichozoeleka katika fani hii, PSNR, hulinganisha pikseli za picha iliyobanwa na pikseli za picha ya asili, zote kwa uzito uleule. Jani la mti linalotikiswa na upepo nyuma ya mzungumzaji, kwa kipimo hicho, lina haki sawa na kidole chake cha shahada. Tena jani lina hila ya ziada: kwa kuwa linatikisika ovyo, halitabiriki, na kisichotabirika hula biti nyingi. Video inaweza kupata alama nzuri za PSNR huku mzungumzaji amefifia mbele ya mti uliochorwa vizuri. Huko Cornell, Hemami na mwanafunzi wake Frank Ciaramello walishughulikia kasoro hiyo kwa kuunda kipimo kinachokadiria ueleweka wa lugha ya alama badala ya ufanano wa picha nzima, na kwa maoni yangu kazi hiyo haijapata kusifiwa inavyostahili, kwa sababu mhandisi huboresha kile tu ambacho kipimo chake kinakiona.

Wapi basi biti ziende? Asiyeijua lugha ya alama atajibu haraka kwamba ziende mikononi. Tafiti zilizofuatilia mboni za macho ya watazamaji viziwi zilionyesha jambo tofauti: karibu muda wote macho hukaa usoni mwa mzungumzaji, na mikono husomwa kwa pembe ya jicho. Sababu iko katika sarufi yenyewe. Katika Lugha ya Alama ya Marekani nyusi zilizoinuliwa hulifanya tungo kuwa swali la ndiyo au hapana, nyusi zilizokunjwa huambatana na maswali ya nani, wapi na kwa nini, na umbo la mdomo huongeza maana juu ya ishara ya mkono. Uso uliofutika ni sentensi iliyopoteza alama yake ya kuuliza.

Jaribio ambalo Cavender, Ladner na Riskin walilitoa mwaka 2006 lilijengwa juu ya ujuzi huo. Waliwaonyesha watumiaji wa lugha ya alama video zilizobanwa kwa kilobiti 15, 20 na 25 kwa sekunde, kwa fremu 10 au 15, na kwa hali tatu za kuupendelea uso: bila upendeleo wowote, kwa kuupunguzia ngazi 6 za ukadiriaji, na kwa kuupunguzia ngazi 12. Watazamaji walipendelea fremu 10 kuliko 15, na walipendelea upendeleo wa wastani wa ngazi 6 kuliko ule mkali.

Matokeo yote mawili yana hesabu ya biti nyuma yake. Kwa kilobiti 25, video ya fremu 10 huipa kila fremu biti 2,500, ilhali ya fremu 15 huipa biti 1,667 tu. Mwendo unakuwa laini zaidi lakini kila picha inafifia. Watazamaji walichagua picha chache zinazosomeka. Kwa upande wa uso, ngazi 6 maana yake ni hatua ya ukadiriaji iliyopunguzwa kwa nusu, na ngazi 12 ni iliyopunguzwa hadi robo. Biti za kulipia robo hiyo hazitoki hewani, zinanyang'anywa kifua na mikono, na ishara nyingi hufanyika hasa mbele ya kifua. Hapa ndipo ninapoona ukomavu wa utafiti huu, kwa sababu wazo la kuupendelea uso lilikuwa sahihi, lakini kipimo chake kilipatikana kwa kuwauliza wenye lugha, na jibu lao likalirudisha wazo hilo nyuma kidogo.

Kuhusu simu yenyewe nitasema kwa ufupi. Waliijenga programu yao juu ya HTC TyTN II, simu ya Windows Mobile yenye prosesa ya megahezi 400 na kamera ya mbele, kitu kilichokuwa adimu Marekani wakati huo. Prosesa dhaifu namna hiyo haiwezi kujaribu kila njia ya kubana ambayo H.264 inaruhusu, kwa hiyo Vanam na wenzake walitafuta ni mipangilio ipi ya x264 inaleta ubora mkubwa kwa kazi ndogo ya prosesa. Ni kazi isiyoonekana kwa mtumiaji, lakini bila hiyo fremu zingechelewa hata mtandao ungekuwa mpana kiasi gani.

Mwaka 2009 kundi hilo lilitoa mfumo unaofanya kazi kwenye simu halisi, na hapa kisa kinakuwa na uzito zaidi, kwa sababu mbinu moja ilifaulu na nyingine ilifaulu kwa gharama. Mbinu ya kwanza ilikuwa eneo la kipaumbele linalohama. Badala ya kuweka mraba usiohama kuzunguka uso, programu ilitambua ngozi katika kila fremu, ikaipa ubora wa juu uso pamoja na mikono popote ilipokwenda, na kuipunguzia sehemu iliyobaki. Watu waliozungumza kwa uhuru kupitia simu hizo katika maabara walielewana zaidi, na walilazimika kubahatisha mara chache zaidi. Mbinu ya pili ilikuwa ya kubadilisha idadi ya fremu: programu ilitambua kama mtu anaongea kwa alama au anatazama tu, na alipokuwa akitazama, fremu zilishushwa. Kwa njia hiyo betri ilidumu kwa asilimia 47 zaidi, sawa na dakika 68 za ziada za mazungumzo. Lakini washiriki walilazimika kurudia ishara mara nyingi zaidi, na mazungumzo yalikatika mara nyingi zaidi.

Kwa mtazamo wa mhandisi, mbinu hiyo ya pili ina mantiki kamili, na ina ndugu yake katika sauti. Simu za GSM tangu zamani husitisha utumaji wakati msemaji yuko kimya, ili kuokoa betri na kupunguza mwingiliano wa mawimbi. Ila wabunifu wa GSM walitambua kwamba ukimya mtupu humfanya msikilizaji adhani simu imekatika, wakaweka utaratibu wa simu inayopokea kutoa mvumo hafifu wa kuigiza hewa ya upande wa pili. Katika mazungumzo ya alama, mtazamaji si mtu aliyenyamaza. Anatikisa kichwa, anakunja uso asipoelewa, anainua nyusi kuomba ufafanuzi, na mzungumzaji huyasoma hayo yote huku mikono yake ikiendelea. Ukimshusha mtazamaji hadi fremu moja kwa sekunde, umemnyima mzungumzaji ule "ehe" na "enhe" tunaousikia kila mara tunapopiga soga kwa simu. Naamini hapo ndipo sehemu ya kurudiarudia ilipotoka, na sehemu nyingine ilitoka kwenye utambuzi wenyewe, kwa kuwa kila programu inapochelewa kung'amua kwamba mtu ameanza kuongea, mwanzo wa sentensi yake unaliwa. Watafiti waliyaeleza matokeo hayo waziwazi, wakaongeza kwamba hayakubadilisha mtazamo wa washiriki juu ya kuitumia teknolojia hiyo. Mimi ningependelea fremu za mtazamaji zipunguzwe kwa kiasi tu, na uso wake ubaki na kipaumbele chake, hata kama dakika za betri zitakazookolewa zitakuwa chache.

Kutambua eneo la kipaumbele kwa rangi ya ngozi nako kunastahili kuangaliwa kwa makini na yeyote atakayetaka kuirithi mbinu hii. Ni njia nyepesi kwa prosesa, na kwa simu ya wakati ule huenda hakukuwa na nyingine iliyowezekana, lakini inategemea mipaka ya rangi ambayo mtu ameipanga. Mpangilio unaofaa kwa ngozi nyeupe chini ya taa za maabara unaweza kushindwa kwa ngozi nyeusi chini ya balbu hafifu ya sebuleni, na ukuta wa udongo mwekundu au mlango wa mbao unaweza kuhesabiwa kuwa ngozi, ukala biti za mikono. Kosa la aina hiyo halijitangazi. Mtumiaji huona tu kwamba picha yake ni mbaya kuliko ya mwenzake. Leo zipo programu zinazotambua mikono kwa umbo na viungo vyake, kama zile zilizomo katika MediaPipe ambayo Google iliitoa mwaka 2019, na simu za kawaida zinazimudu, kwa hiyo sioni sababu ya kurudi kwenye mipaka ya rangi.

Mwaka 2010, wakati wa majira ya joto, mfumo ulitoka maabara na kuwekwa mikononi mwa wanafunzi 11 viziwi na wenye usikivu hafifu waliokuwa Seattle kwa masomo ya kompyuta. Mwezi Juni wa mwaka huohuo Apple ilikuwa imetangaza FaceTime, na mtu angeweza kusema kwamba kazi ya MobileASL imepitwa. Lakini FaceTime wakati huo ilifanya kazi kwenye Wi-Fi pekee, ikaruhusiwa kwenye mtandao wa simu mwaka 2012, na kwa makadirio ya kundi la Washington ilitumia karibu mara 10 ya data iliyotumiwa na MobileASL. Kwa mtu aliye kituo cha basi, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama anaweza kuzungumza au la.

Tran aliendelea na swali la kiwango cha chini kabisa kinachotosha. Alipima video za pikseli 320 kwa 240 kwa fremu 1, 5, 10 na 15, na kwa kilobiti 15, 30, 60 na 120 kwa sekunde, akakuta dari: kuongeza fremu zaidi ya 10 hakukuongeza ueleweka kwa maoni ya watazamaji, na kuongeza data zaidi ya kilobiti 60 kulileta faida inayozidi kupungua. Mapendekezo ya kimataifa yalitaka fremu 25 na kilobiti 100 au zaidi. Ninayasoma matokeo haya kwa tahadhari moja: ni maoni ya watazamaji kuhusu video za lugha moja. Kutahajia kwa vidole, ambako herufi hubadilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, ndiko kunakoumia kwanza fremu zinapopungua, na kiasi cha kutahajia hutofautiana kati ya lugha na lugha, hata kati ya mzungumzaji na mzungumzaji.

Tahadhari hiyo inatuhusu moja kwa moja. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 120, inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge, na Tanzania ina Lugha yake ya Alama. Watumiaji wa lugha hizo huzungumza kwa simu za kawaida na kwa bando wanalolinunua wenyewe. Kwa kilobiti 60 kila upande, mazungumzo ya nusu saa hutumia takriban megabaiti 27. Kwa kilobiti 600, hutumia 270. Wanaojenga huduma za simu za video juu ya WebRTC, teknolojia huria ya kupitisha sauti na video moja kwa moja kwenye intaneti, wanaweza tayari kuweka kikomo cha fremu na cha kilobiti, na kuchagua kama mtandao ukibana kitangulie kupunguzwa mwendo au ukubwa wa picha. Upendeleo wa uso na mikono haumo katika mipangilio hiyo ya kawaida. Huhitaji kuingia ndani ya programu ya kubana, kama watafiti wa Seattle walivyoingia ndani ya x264.

Jaribio la kuanzia linaweza kufanywa Dar es Salaam au Nairobi kwa simu mbili na watu wanaoijua lugha tangu utotoni. Liweke kikomo cha fremu 10, kisha 15, kisha 25, kwa kilobiti 60 zilezile, na mzungumzaji atahajie kwa vidole majina yanayokaribiana, Mwanaidi na Mwanaisha, Salim na Salum, mtazamaji akiandika anachokisoma bila kuruhusiwa kuomba kurudiwa. Kisha wazungumze kwa uhuru kwa dakika 20, na mtu wa tatu ahesabu ni mara ngapi mmoja wao ameinua mkono kumwomba mwenzake arudie.